Mzigo wa Ndege: Filamu Fupi ya Kisangani na Filamu Ndefu ya Mwanza

Washairi walilijua jambo hili kabla ya watu wa sinema. Mtu hutunga shairi la beti tano, akaliweka, na baada ya miaka ubeti mmoja ndani yake ukaanza kumsumbua, ukadai utenzi wake wenyewe. Utenzi ule ukiisha kutungwa huwa na sura ya mama yake na tabia zake mwenyewe. Kwa hiyo anayelinganisha filamu fupi na ndefu iliyotokana nayo hatafika mbali kwa kuhesabu kilichoongezwa. Na atafute kwanza ubeti uliokataa kunyamaza.

Katika pwani yetu mfano ulio wazi ni Subira. Mwaka 2007 Ravneet Chadha, ajulikanaye kwa jina la Sippy, alitengeneza huko Lamu filamu ya dakika chache juu ya binti mdogo anayetaka kuishi apendavyo mbele ya mama na mila. Mwaka 2018 akakirudia kisa kile kwa jina lile lile, safari hii kwa urefu kamili. Binti amekuwa mwari, bahari anayotamani kuiogelea ingali pale pale, na juu yake imewekwa ndoa ya kupangiwa na jumba la kitajiri Nairobi. Kenya ikaichagua filamu hiyo kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha Oscar mwaka 2019. Hapo ulinganishi ni mwepesi: mtunzi mmoja, jina moja, kisa kimoja. Filamu fupi iliweza kuishia kwenye tamaa ya mtoto, kwa kuwa mtoto hadaiwi jibu. Ndefu ilibidi ilipe deni, impe mume, impe mlango wa kutokea. Wapo wanaoipenda fupi zaidi kwa sababu hiyo hiyo, nami sitawalaumu.

Mfano ninaotaka kuuchungua hapa ni mgumu zaidi, na uko karibu zaidi na mahali ninapoandikia. Mwaka 1998 Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, alitoa filamu ya hali halisi ya dakika 45 iitwayo Kisangani Diary. Mwaka 2004 akatoa nyingine ya dakika 107, Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza na pembezoni mwa Ziwa Victoria. Ya kwanza yahusu wakimbizi wa Rwanda katika misitu ya Kongo. Ya pili yahusu samaki. Hakuna mtu wa filamu ya kwanza anayetokea katika ya pili, na mwanasheria wa hakimiliki asingeziita jozi. Walakini Sauper mwenyewe ameeleza kwamba ya pili ilizaliwa alipokuwa akiishughulikia ya kwanza, kwa jambo aliloliona kwa macho yake mwaka 1997 katika uwanja wa ndege. Kama hiyo si nasaba, basi sijui nasaba ni nini.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili lanihusu mimi niliye Buzwagi, mbali na ziwa na mbali zaidi na Kisangani. Buzwagi iko kilomita chache kutoka mji wa Kahama, mkoani Shinyanga. Wasomaji wa visiwani hulijua jina hili kwa sababu ya mgodi wa dhahabu, lakini kabla ya mgodi palikuwa na barabara. Hiyo ni barabara itokayo Isaka, kituo cha reli ambapo mizigo ya nchi zisizo na bahari hushushwa, malori yakaipokea na kuelekea Rusumo, na kutoka huko Rwanda, Burundi na Kongo. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 chakula kingi cha msaada kilipita humu. Anayekaa kando ya njia ya mizigo hujifunza kuyasoma malori kama wengine wasomavyo vitabu. Lililoshiba hupanda mlima likilalamika. Lililo tupu hurukaruka mashimoni na mabati yake yakapiga kelele. Turubai lililofungwa kwa kamba nyingi kupita kiasi humfanya hata mtoto aulize: mna nini humo? Swali hilo la mtoto wa barabarani ndilo lililozaa filamu ndefu ya Sauper.

Turudi nyuma kidogo. Julai 1994, majeshi ya RPF yalipoishika Rwanda, watu zaidi ya milioni moja walivuka kuingia Kivu, na mamia ya maelfu wengine walikuwa wamekwisha kuingia Ngara upande wetu, ambako kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Miongoni mwao walikuwamo waliochinja na waliowakimbia wachinjaji na watoto wasiojua lolote, kambi haikuwatenga. Mwishoni mwa 1996 vita vya Kongo, iliyokuwa bado ikiitwa Zaire, vilizivunja kambi za Kivu. Wengi walirudishwa Rwanda. Disemba mwaka huo serikali yetu nayo iliamuru waliokuwa Tanzania warudi kwao. Lakini sehemu ya wale wa Kivu ilikimbilia magharibi, ndani ya msitu, mamia ya kilomita kwa miguu. Dunia ilibishana kama watu hao wapo au hawapo. Machi 1997 waasi wa Laurent Kabila wakauteka mji wa Kisangani, na ndipo wakimbizi wapatao 80,000 walipoonekana kando ya reli ielekeayo kusini, kwenye njia ya Ubundu.

Sauper alipanda garimoshi pamoja na watu wa Umoja wa Mataifa waliokwenda kuwatafuta. Hiyo ndiyo filamu nzima. Reli, msitu pande mbili, na watu wanaojitokeza kutoka msituni wakiwa mifupa. Kamera haina pa kwenda ila mbele au nyuma kama garimoshi lenyewe, na ufinyu huo wa njia umekuwa umbo la kazi. Hakuna mtaalamu anayeketi mezani kutueleza historia ya Watutsi na Wahutu. Hakuna ramani ya mishale. Mtazamaji anawaona watu kabla ya kujua waliwahi kufanya nini au kufanyiwa nini, na hilo ni jambo zito, kwa kuwa wengi waliokuwa mbali walikuwa wamekwisha kuwahukumu kwa jumla. Wiki chache baadaye, Aprili 1997, kambi za reli ile, Kasese na Biaro, zilishambuliwa, na watu wasiohesabika wakatoweka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 juu ya uhalifu uliotendeka Kongo iliyaeleza mashambulio yale kwa kirefu. Miaka kumi na miwili kabla ya ripoti hiyo, filamu ya dakika 45 ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba watu hao walikuwapo. Shahidi wa namna hii hahitaji maneno mengi. Akisema nilikuwapo, nimewaona, ametimiza kazi yake.

Sasa uje uwanja wa ndege. Sauper amesimulia kwamba katika kazi ile aliona madege mawili makubwa ya mizigo kwa wakati mmoja, yote mawili yamejaa chakula. Moja lilileta kutoka Marekani tani 45 za njegere kavu za manjano kwa ajili ya kambi za wakimbizi. La pili lilikuwa likiondoka kwenda Ulaya na tani 50 za samaki wabichi wa ziwa. Akafanya urafiki na marubani, watu wa iliyokuwa Urusi ya Kisovyeti, na katika maongezi yao akasikia kwamba ndege za aina ile ile zilizobeba njegere ziliwahi pia kubeba silaha kwenda kule kule kwenye vita vilivyowatoa wale wakimbizi makwao.

Katika filamu fupi chakula ni chakula. Kimekuja, kimechelewa, hakitoshi, na hakuna anayegeuza gunia kuuliza limefikaje. Hapo ndipo ubeti ulipokataa kunyamaza. Mtu aliyeshuhudia njaa na kuona samaki wakipaa juu ya vichwa vya wenye njaa hawezi tena kutengeneza filamu ya njaa peke yake. Atataka kuijua ndege.

Miaka saba baada ya uwanja ule, Darwin's Nightmare inafunguka kwa kivuli cha ndege kikiteleza juu ya maji ya ziwa, kisha mnara wa kuongozea ndege wa Mwanza ambamo mwongozaji anahangaika na mdudu arukaye kwenye kioo. Reli imekwisha; badala yake tuna duara. Ndege inatua, ndege inajazwa, ndege inaondoka, na kila inapotua Sauper anauliza swali lile lile: imeleta nini? Mmoja anajibu haikuleta kitu, ilikuja tupu. Mwingine hajui. Mwingine anacheka. Urejeo huu ni kibwagizo, na kibwagizo ni chombo cha utungo mrefu. Shairi la beti tano halikihitaji. Kuelekea mwisho rubani mmoja, kwa sauti ya chini na Kiingereza cha kubabia, anakiri kwamba aliwahi kupeleka zana za kivita Angola, na katika safari ya kurudi akapakia zabibu Johannesburg kwenda Ulaya. Watoto wa Angola walipata bunduki kwa Krismasi, wa Ulaya wakapata zabibu. Kiini cha filamu yote kimo katika dakika hizo. Ningeulizwa, ningesema hizo ni filamu fupi nyingine iliyojificha ndani ya ndefu.

Baina ya ndege na ndege mna watu. Mlinzi wa usiku mwenye mishale ya sumu, alipwaye dola moja kwa usiku, anayesema wengi hapa wangetamani vita kwa kuwa jeshi hulipa vizuri. Binti anayekaa na marubani, anayeimba jina la nchi yake, na ambaye kabla filamu haijaisha tunaarifiwa ameuawa na mgeni aliyekuwa naye. Watoto wa mitaani wanaoyeyusha plastiki ya kufungia samaki ili wavute moshi wake. Mwenye kiwanda anayeeleza biashara yake bila haya wala majivuno. Na ile sehemu isiyosahaulika, uwanja wa kukaushia mapanki, ambapo vichwa na mifupa ya sangara iliyokwisha kuvuliwa minofu huanikwa katikati ya funza, na mama mmoja aliyepoteza jicho anaendelea na kazi katika hewa inayochoma.

Hapa ndipo hukumu yangu juu ya filamu hizi mbili inapogawanyika. Katika filamu fupi kila mtu ni yeye mwenyewe. Mtoto anayekufa kando ya reli hathibitishi hoja yoyote. Katika filamu ndefu kila mtu amepewa kazi. Mlinzi anathibitisha umaskini, binti anathibitisha uasherati uletwao na fedha za kigeni, mapanki yanathibitisha kwamba minofu huenda kwao na mifupa hubaki kwetu. Hoja ni ya haki, nami naikubali sehemu kubwa. Lakini hoja ina njaa, na hula watu wake. Mlinzi yule lazima alikuwa na mambo mengine ya kusema, juu ya wanawe, juu ya kijiji chao, juu ya mchezo wa mpira. Hayo hayakuwa na nafasi ndani ya duara.

Kwa sisi wafasiri kuna jambo jingine, dogo kwa sura, kubwa kwa athari. Wengi wa wasemaji wakuu wa filamu ya Mwanza wanazungumza Kiingereza, lugha waliyoiazima kwa ajili ya mgeni. Mtu katika lugha ya kuazima huongea kwa maneno machache aliyonayo, akasema jambo kavu ambalo katika lugha yake angelizungushia heshima, mzaha na tahadhari. Sentensi ile ya kutamani vita, laiti ingesemwa kwa Kisukuma au kwa Kiswahili, ingekuja na kicheko cha uchungu, na jirani angejua ni kauli ya kukata tamaa. Kwa Kiingereza chake kifupi inasikika kama mtu asiye na moyo. Mtazamaji wa Paris hakuipata tofauti hiyo. Wale jamaa wa vibanda vya video, akina Lufufu, waliokuwa wakizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya wenyewe, wangeirudishia ile sentensi nyama yake, pengine na chumvi ya ziada. Wasomi huwadharau, mimi nimejifunza kwao mengi kuliko kwa kamusi.

Jina nalo limepita safari. Sauper aliipa filamu yake jina la kuwachokoza wasomi. Mwenye nguvu amemla dhaifu, kama sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alivyowamaliza furu wa kila aina, mamia ya spishi ambazo hazikuwapo kwingine duniani. Ukiifasiri neno kwa neno unapata Jinamizi la Darwin. Wabongo hawakuhangaika na Darwin. Waliiita filamu ya Mapanki, na jina hilo likashika magazetini na vijiweni. Sijui tafsiri bora kuliko hiyo. Imelitupa wazo likashika kitu, tena kitu chenye harufu. Lakini imehamisha pia uzito wa kesi. Aliyesema Jinamizi la Darwin alikuwa akiuliza juu ya mpangilio wa dunia. Aliyesema Mapanki aliuliza: je, ni kweli sisi twala mifupa?

Na kesi iliamuliwa juu ya swali hilo la pili. Filamu ilikuwa imesifiwa sana nje; ilipata tuzo ya Ulaya ya filamu ya hali halisi mwaka 2004, César ya Ufaransa mwaka 2006, na mwaka huo huo ikaingia katika orodha ya mwisho ya Oscar. Huku kwetu, kwa watu wengi, ilifika kama habari ya redio kabla ya kufika kama picha. Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kwamba imeipaka nchi matope, kwamba habari ya silaha haina ushahidi, na kwamba biashara ya samaki imehatarishwa. Agosti yakafuata maandamano Mwanza. Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon aliandika makala, kisha kitabu, akidai kwamba Sauper amepotosha, kwamba mapanki si chakula pekee kilichoachwa kwa watu wa ziwa, na kwamba watoto walilipwa waigize. Sauper akamshitaki. Mwaka 2008 mahakama ya Paris ilimwona Garçon na hatia ya kashfa kwa dai hilo la watoto.

Yafaa tuseme kweli kwa pande zote mbili. Hakuna mahali katika filamu tunapoona bunduki ikishushwa Mwanza. Kuna maneno ya rubani, kuna maelezo ya mwandishi wa habari, kuna mabaki ya ndege zilizoanguka. Hicho ni kivuli cha ushahidi, na Sauper anakijua vizuri kivuli, ndicho alichofungulia filamu yake. Kwa upande wa pili, waliokasirika walikuwa na maslahi ya kweli ya kuyalinda. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuufunga mlango wa samaki wa ziwa mara kadhaa kati ya 1997 na 1999, kwa hofu ya vijidudu na sumu, na kila ulipofungwa wavuvi na wafanyakazi wa viwandani walilala njaa. Sangara alijenga nyumba za bati na kulipa karo. Filamu ndefu ina dakika 107 na haikuzipatia nyumba hizo hata dakika tano. Filamu fupi isingelaumiwa kwa hilo, kwa kuwa haikuahidi kueleza uchumi wa mtu yeyote. Ndiyo hasara ya kurefuka. Anayesema nimeona, huulizwa alikuwapo au hakuwapo, basi. Anayesema mambo ndivyo yalivyo, huulizwa kila kitu.

Hata hivyo nashikilia kwamba ubishi wa mapanki ulifunika swali lililo bora zaidi. Lile la ndege halikujibiwa na rais, wala na mwanahistoria, wala na mahakama. Ndege zilikuja zikiwa na nini?

Miaka ile ile ambayo Sauper alikuwa akizunguka Mwanza na kamera yake, ukanda huu wote wa kusini mwa ziwa ulikuwa ukibadilika. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001. Filamu ya samaki haikuwa na wajibu wa kusimulia dhahabu. Lakini swali lake halikukaa Mwanza. Lilitambaa kusini hadi kwetu. Februari 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulitiwa saini London, na waziri aliyekuwa na dhamana ya madini alikuwa Nazir Karamagi. Zitto Kabwe alipolihoji jambo hilo bungeni, kwa nini hotelini Ulaya na kwa haraka gani, alisimamishwa ubunge Agosti 2007 hadi Januari iliyofuata. Novemba mwaka huo Rais aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuchunguza sekta ya madini, na Zitto mwenyewe akatiwa ndani yake. Sheria mpya ya madini ikaja mwaka 2010. Mgodi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009.

Buzwagi, kama Bulyanhulu, haikutoa dhahabu ya tofali peke yake. Ilitoa pia makinikia, mchanga uliosagwa wenye shaba, dhahabu na fedha, uliofungwa katika makontena na kupelekwa ng'ambo kuyeyushwa. Machi 2017 Rais John Magufuli alizuia usafirishaji wake, na makontena 277 yakazuiwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikayafungua, ikapima, na tarehe 24 Mei 2017 ikatangaza kwamba dhahabu iliyomo ni nyingi mara kadhaa kuliko iliyoandikwa. Kampuni ya Acacia, iliyomiliki migodi hiyo, ilikana hesabu zile. Ugomvi ukaendelea hadi makubaliano ya Oktoba 2019 na Barrick, yaliyozaa kampuni ya Twiga ambamo serikali ina hisa asilimia 16, na malipo ya dola milioni 300.

Sina mizani ya kupima nani alikuwa sahihi juu ya mchanga ule. Ninachokiona kama mtu wa maneno ni hiki. Mwaka 2006 aliyeuliza mna nini ndani ya ndege aliambiwa anaichafua nchi. Mwaka 2017 dola ile ile ilisimama mbele ya makontena ikauliza kwa sauti kubwa zaidi kuliko Sauper, nchi nzima ikashangilia. Serikali zilikuwa za watu tofauti, na mzigo ulikuwa tofauti, ule ukiingia, huu ukitoka. Lakini sentensi ilikuwa moja, na ilikuwa imekwisha kutamkwa kwa Kiingereza kibovu katika uwanja wa ndege wa Mwanza.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema filamu fupi ya Kisangani ni safi na ndefu ya Mwanza ni chafu, basi tuishike ya kwanza tuitupe ya pili. Ya kwanza ni shahidi asiyepingika, na shahidi asiyepingika aghalabu huzikwa kwa heshima katika maktaba. Wangapi wameiona Kisangani Diary? Ya pili imejaa makosa ya mtu anayekimbilia hoja, imewatumia watu, imewadhulumu wengine, na imebaki midomoni mwa wavuvi na mabunge. Kama mshairi nampenda wa kwanza. Kama mkazi wa kando ya barabara ya Isaka ninamhitaji wa pili.

Mgodi wa Buzwagi uliacha kuchimba mwamba mpya mwaka 2018, ukaendelea na mabaki yaliyorundikwa, ukafikia mwisho mwaka 2021. Eneo lake limepangiwa kuwa ukanda wa viwanda. Shimo lingalipo. Filamu ya makontena, fupi au ndefu, sijaiona. Kijana wa Kahama mwenye kamera ya simu asianze na kamati wala na mawaziri. Na aende Isaka alfajiri na mapema, asimame mahali malori yanapopunguza mwendo, aombe lifti kwa dereva mmoja hadi Rusumo, na njiani amuulize amebeba nini. Dakika kumi zatosha kwa kuanzia.